Utomvu wa Nyumba ya Mzee Damasi

Jumatatu, 6 Januari 2025

Daftari hili nimepewa na Mama pale stendi ya Tunduma, pamoja na unga wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na ndoo ya samaki wakavu. Akaniambia, "Brenda, andika shukrani. Malalamiko usiyaandike, hayo unayo kichwani tele." Haya. Nashukuru nimefika. Nashukuru zahanati haivuji, ila chumba changu tu. Samaki nimewahamishia kwenye sufuria, ndoo inakinga maji.

Tuko wawili: mimi nesi mkunga, na Wiliam, tabibu, mtu wa Mbozi, mpole kiasi kwamba hata kuku wa jirani wanaingia chumba cha dawa akiwaangalia. Kijiji kiko milimani, juu ya Ibaba, na ukipiga hatua tatu unapanda au unashuka. Tambarare sijaiona.

Jumatano, 8 Januari

Mvua. Nashukuru kwa sweta.

Jumanne, 14 Januari

Kliniki yangu ya kwanza ya wajawazito. Wamekuja kumi na saba, na kila mmoja na mama mkwe wake. Nauliza mjamzito, anajibu mkwe. Nauliza hedhi ya mwisho, anajibu mkwe, tena kwa tarehe. Nikasema basi, wakwe wote nje, hapa tunaheshimu faragha. Wakatoka wakaketi barazani kwenye manyunyu, na mmoja wao, Mama Tabita, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kikapu chake sokoni.

Mkwe wa Mama Tabita anaitwa Atuganile. Miaka ishirini na miwili, mimba ya wiki ishirini na nne. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano.

"Jina la mume?"

"Luka."

"Luka nani?"

Anaangalia sakafu.

"Ukoo wa mumeo huujui, dada?"

Akasema kitu kwa Kindali kuelekea mlangoni. Nikamwambia, "Kiswahili, tafadhali. Mimi Mnamwanga wa Tunduma, Kindali sikijui." Akanyamaza moja kwa moja. Nikaandika Luka, nikapiga mstari. Mtu anaolewa na mwanamume hata hajui ni wa nani. Mama, hili si lalamiko, ni taarifa.

Nashukuru presha zote leo zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 20 Januari

Mama Tabita ameniletea maharage mabichi. Hakusema neno. Nimeyapika na samaki, nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 4 Februari

Kliniki. Wakwe sasa wanajua sheria, wanabaki nje wenyewe. Ndani kimya kitupu. Wasichana wanajibu ndiyo na hapana tu.

Atuganile nilimuuliza kama ninavyowauliza wote: kichwa kinauma, unaona ukungu, miguu imevimba, damu inatoka? Kwenye damu akainamisha uso. Nikarudia. Akasema taratibu, "Utomvu."

"Utomvu?"

"Kidogo. Juzi."

Nikamwambia majimaji kwa mjamzito ni kawaida, azingatie usafi, avae nguo za ndani za pamba. Nikaandika hivyo kwenye kadi. Alikaa kidogo kwenye kiti kabla hajainuka. Nilikuwa nimeshamwita wa pili.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimeona jambo lililonichafua roho. Tunatoka kanisani, Atuganile yuko mbele yangu kidogo. Kwenye kona akatokea mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Atuganile kumwona tu, akaruka mtaro na tumbo lake lile, akaingia kwenye mahindi yaliyolowa, akachuchumaa, kichwa chini. Mzee naye akasimama, akageuka, akaondoka kwa njia ya mlimani.

Nikauliza huyo ni nani. Wakanijibu, "Mzee Damasi, baba mkwe wake. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati." Wakasema hivyo bila kujali, wakaendelea na habari za mbolea.

Mwanamke mjamzito hakimbilii kwenye tope kwa sababu ya mtu mwema. Mimi nimekulia mpakani, vipigo navijua kwa harufu.

Nashukuru kwamba macho ninayo.

Jumatano, 12 Februari

Mzee Damasi alikuja kuuliza mahitaji ya zahanati. Nilimjibu kwa mkato. Mwishoni uvumilivu ukanishinda: "Mzee wangu, shikamoo nimekupa, na heshima nakupa. Lakini mjamzito hatakiwi kutishwa."

Akasema, "Ni kweli, mwanangu," akavaa kofia yake, akaondoka. Wiliam akaniuliza, "Una uhakika na unalolisema?" Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema, "Macho, sawa," akaenda kumfukuza kuku.

Jumanne, 18 Februari

Mvua, mvua. Shadrack wa bodaboda ameleta chanjo akiwa tope mpaka nywele. Nashukuru kwa Shadrack.

Jumanne, 25 Februari

Kliniki. Foleni ilifika kwenye migomba. Atuganile amesema utomvu tena. Amesema "mwingi" mara mbili. Nimempa dawa za fangasi. Moyo wa mtoto unapiga vizuri sana, nimemsikilizisha na mwenyewe, akacheka. Ana mwanya. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna jipya. Samaki wameisha.

Jumanne, 11 Machi

Mama, leo sina namna ya kuanzia na shukrani, ingawa nitaishia huko.

Kliniki ilikuwa katikati. Atuganile yuko kitandani, namuuliza yale yale, ananijibu utomvu. Nikasema kwa sauti ya uchovu, "Dada, utomvu ni kawaida, nimeshakwambia mara ngapi?" Pazia likavutwa. Mama Tabita akaingia, maji yanamtiririka kwenye khanga, akasimama kati yangu na kitanda.

"Nesi," akasema, "utaniwia radhi, sheria yako naijua. Lakini utomvu wetu ni mwekundu."

Sikuelewa. Nikamtazama Atuganile, amejifunika uso.

"Mwekundu vipi, mama?"

"Mwekundu kama unaotoka ukijikata kisu. Huyu ni mke wa mwanangu. Mume wangu anaitwa nani?"

"Mzee Damasi."

"Haya. Wewe unalitamka kwa sababu si mkwe wake. Huyu halitamki jina la baba mkwe wake mpaka afe, wala neno lenye herufi tatu za mwanzo za jina hilo. Sasa wewe unamuuliza kitu gani kinatoka?"

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

Mama Tabita akaendelea, na sasa hakuwa na hasira, alikuwa ananifundisha tu. Kwa Kindali hakuna tabu yoyote. Neno lao la kitu hicho halifanani na Damasi hata kidogo, wanalisema wakichinja, wakijikata, wakiugua. Ni Kiswahili ndicho kilichomgonga mzee. Wake walioolewa nyumba ile wakija zahanati, ambako lazima waseme Kiswahili, wanasema utomvu. Nesi aliyenitangulia alikuwa anajua, kwa sababu mama wakwe walikuwa ndani, wakieleza. "Wewe ukatutoa nje," akasema. "Nikasema labda amesomea namna mpya."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuza mkalimani, nikamkataza msichana lugha yake, nikamuuliza kwa neno asiloweza kulitamka, halafu nikamwandikia dawa za fangasi. Wiki tano. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu uliokuwa uote tende si wangu mimi.

Nikamuuliza Atuganile upya, taratibu, Mama Tabita ameshika mkono wake. Utomvu ulianza lini? Unaloanisha kitambaa kimoja au viwili? Tumbo linauma ukitoka? Akajibu yote, maneno yakamwagika. Mara tatu. Mara ya mwisho vitambaa viwili. Hauumi. Hilo la kutouma ndilo lililonitisha, maana damu ya mimba kubwa isiyouma mara nyingi ni kondo lililokaa chini, limeziba njia ya mtoto. Mtu wa namna hiyo akishikwa uchungu hapa juu, tunamzika hapa hapa.

Nikamwambia, "Atuganile, nimekukosea. Nimeandika uongo kwenye kadi yako." Akasema kwa sauti ndogo, "Hukujua, dada." Neno dada likanichoma kuliko tusi.

Nikauliza na lile la mahindi, maana sasa niliogopa kila nililowahi kulijua. Mama Tabita akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Ampige? Mzee wangu? Mkwe na baba mkwe hawaonani uso, nesi. Yeye anajificha kwa heshima, na mzee anageuka kwa heshima. Tangu huyu apate tumbo, mzee anazunguka njia ya mlimani na goti lake bovu, ili mtoto wa watu asiruke mitaro. Siku ile alisahau, akapita njia fupi. Alirudi nyumbani hana raha."

Mtu huyo ndiye niliyemfokea.

Nashukuru kwa Mama Tabita, aliyevunja sheria yangu. Nashukuru pazia ni pazia tu, si mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeteremka na Atuganile na Mama Tabita hospitali ya wilaya. Picha imeonyesha nilichokiogopa, kondo limeziba njia. Daktari amesema mtoto atatoka kwa upasuaji, na kuanzia wiki ya thelathini na sita Atuganile akakae karibu na hospitali. Kabla ya hapo asibebe kitu, asitembee mbali, na yeyote asimpime kwa vidole.

Luka anafanya kazi ya kupakua malori Tunduma. Amesema kwenye simu atapanda Jumamosi tarehe tano, wamteremshe Jumatatu ya tarehe saba.

Jumanne, 18 Machi

Wakwe wamerudi ndani. Nimeongeza swali moja mwanzoni kabisa: "Kwenu ni neno gani halisemwi?" Wanacheka kwanza, kisha wanasema. Nyumba ya Mzee Tumaini hawasemi tumbo, wanasema mfuko. Naandika pembeni ya kadi kwa kalamu nyekundu. Wiliam akaniuliza, "Na ukiolewa huku wewe utaacha kusema nini?" Nikamwambia nitaacha kusema naye.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku ya nne. Barabara imemeguka chini ya kijiji. Namwomba Mungu wiki moja tu.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika ya juzi, Jumapili. Juzi mikono ilikuwa haiandiki.

Tulikuwa bado hatujaenda kanisani. Luka akaja anakimbia, alikuwa amefika Jumamosi jioni kama alivyoahidi. Akasema, "Nesi, unatoka." Na yeye hakutaja, kwa ajili ya mkewe.

Nilipofika kwao khanga mbili zilikuwa zimeloa. Atuganile alikuwa na ufahamu, midomo imeanza kufifia. Nikaweka dripu. Wiliam akapiga simu, gari la wagonjwa likasema linakuja, lakini mwisho wake ni pale barabara ilipomeguka. Kutoka pale kuja kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu tu, tope, mteremko. Pikipiki ya Shadrack haikuweza kupita.

Kwa hiyo machela. Machela inataka wanaume wanne, na wanaume wa kijiji karibu wote walikuwa msibani ng'ambo ya bonde. Luka mmoja. Wiliam wa pili. Shadrack wa tatu. Mimi nashika dripu. Tukasimama pale uani tukihesabu watu watatu, kana kwamba tukirudia watakuwa wanne.

Mzee Damasi alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama huko tangu mwanzo, mgongo ameuelekeza kwetu, hakuweza kuja na hakuweza kuondoka. Nilitaka kumwita. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikaufunga, Mama, mimi Brenda, nikamgeukia Mama Tabita nikamuuliza, "Mama, inawezekana namna gani?" Sikuuliza kama inawezekana.

Mama Tabita hakufikiri hata dakika. Akachukua vitenge viwili, akamfunika Atuganile kuanzia kichwani, akavifunga kwenye miti ya machela vikawa kama hema dogo, mkono wenye sindano tu ukabaki nje, upande wangu. Akainama akamwambia kitu kwa Kindali. Kisha akaita kuelekea nyuma ya nyumba, "Baba Luka, njoo kinyumenyume. Utashika mbele."

Mzee akaja kinyumenyume kwenye tope, na goti lake. Akashika mti wa mbele kulia bila kugeuza shingo. Tukaondoka.

Njia nzima hakutazama nyuma hata mara moja. Alikuwa anataja mashimo: shimo kushoto, jiwe, teleza hapa. Mimi naingiza kichwa kwenye kitenge kila hatua ishirini. "Atuganile, utomvu?" Anajibu, "Unatoka." Tena, "Utomvu?" "Umepungua." Mbele yangu mgongo wa baba mkwe wake, anasikia kila neno, na hakuna neno lililomvunjia heshima. Mara moja hakujibu. Nikamtikisa, nikaita. Nikaona Mzee Damasi amesimama, kichwa kimeanza kugeuka. Shingo ilitetemeka. Kisha Atuganile akasema, "Nipo, dada," na mzee akaendelea kutembea.

Kwenye mmeguko akateleza, akapiga magoti, la bovu kwanza. Mti haukugusa chini. Akainuka nao.

Gari lilikuwepo. Mzee akaachia mti, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa barabara, akasimama akitazama bonde mpaka milango ilipofungwa. Mimi nikapanda na mgonjwa.

Wakampeleka chumba cha upasuaji saa sita kasoro. Wakamwongeza damu chupa tatu. Saa saba na robo nesi akatoka na kifurushi: msichana, kilo mbili na gramu mia tatu, analia kwa hasira kama mtu wa Tunduma. Atuganile ni mzima. Naandika tena nilione: ni mzima.

Nashukuru. Mama, nashukuru mpaka shukrani sina pa kuziweka.

Jumamosi, 26 Aprili

Wamerudi nyumbani. Mtoto amefikisha kilo tatu kasoro kidogo. Wiliam amepeleka kuku. Nadhani ni wa jirani.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imekatika. Leo nilikwenda kumkagua Atuganile kwao, na nilikuwa na langu moyoni, nilitaka kuomba radhi kwa mzee.

Nilimkuta Atuganile amekaa ndani karibu na mlango, mtoto kwenye ziwa. Mzee Damasi alipopata habari kwamba nipo, akaja akasimama nje ya ukuta, upande wa pili, asikoonekana. Mama Tabita akaniambia, "Kaa hapo mlangoni. Mzee ana maneno na mkwe wake. Wewe si wa ukoo, utayabeba." Kwa hiyo nikakaa kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, wote wawili nawaona, wao hawaonani, na kila mmoja anasikia sauti ya mwenzake kama mimi ninavyosikia.

Nikaanza na langu. Nikasema, "Mzee, nilikufokea bila kuuliza. Na mkwe wako nilimtibu bila kuuliza. Naomba radhi kwa yote mawili."

Akasema, "Ulinifokea kwa ajili ya mkwe wangu. Tangu aolewe hapa, nani mwingine amewahi kunifokea kwa ajili yake? Kwangu huna deni." Akavua kofia. "Sasa mwambie. Kwetu mkwe hafunguliwi mdomo bure, anapewa kitu. Nimemfungia ndama jike pale kwenye mgomba, ni wake yeye, si wa Luka. Jina langu aendelee kuliacha. Lakini lile neno la Kiswahili ni lake tangu leo, na la kila atakayeolewa nyumba hii. Sitaki mtu afe kwa ajili ya heshima yangu."

Nikageuka ndani nikarudia yote, ingawa Atuganile alikuwa ameshainamisha kichwa na machozi yanamdondokea mtoto. Akasema, "Mwambie nimepokea." Nikageuka nje nikasema amepokea. Mzee akaitikia, "Haya."

Nikatoa kadi nimalizie kazi yangu. Nikauliza kwa mazoea, "Utomvu je, bado unatoka?"

Atuganile akamhamisha mtoto bega la pili. Alifungua mdomo akaufunga, akamtazama Mama Tabita, Mama Tabita akatazama pembeni. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, ila neno kwa neno:

"Mwambie baba, damu imekoma."

Nikageuka nje kulibeba. Mzee Damasi alikuwa ameegemea ukuta kwa viganja viwili, kofia iko mkononi, uso umelowa. Akanizuia kwa mkono.

"Usinirudie, mwanangu," akasema. "Nimemsikia mwenyewe."